Nyonga Iliyomwagwa Zege

Mwashi huyu watu walimwita Timazi, kwa jina la ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo mafundi huining'iniza kupima kama ukuta umesimama wima. Jina lilimkaa. Ukuta ukipinda hata kwa upana wa kucha aliubomoa, awe ameujenga yeye au mwingine, na mwenye nyumba akilalamika aliambiwa achague, ukuta au fundi. Maneno yake yalikuwa machache na makavu. Waliomzoea walisema si mtu mbaya, ila ukitaka kubembelezwa nenda kwa mama yako.

Mkewe naye alikuwa fundi, wa cherehani. Saratani ilimwanza titini. Likakatwa, akachomwa mionzi, akameza dawa mpaka nywele zikaisha na zikaota tena, na ugonjwa ukanyamaza. Miaka ikapita, watu wakaanza kuusahau. Kisha nyonga ya kulia ikaanza kuuma. Mwenyewe aliisingizia cherehani, kwamba ni huko kukanyaga pedali siku nzima, akahamishia kazi mguu wa kushoto. Asubuhi moja akainuka kwenye kiti, na mguu wa kulia ukakataa katakata kubeba mtu. Tangu hapo Timazi alikuwa akimbeba mkewe mgongoni kwenda chooni, kwenda bafuni, kwenda kitandani. Akirudi kutoka kazini mwili umechoka, kazi nyingine inamsubiri nyumbani, na hakuna aliyemsikia akiguna.

Walipofika kwa daktari wa mifupa walikuwa watatu, mume, mke kwenye kiti cha magurudumu, na mdogo wa mke, ambaye alikuwa na mdomo wa watu wanne.

"Huyu ndiye atakayempasua dada?" shemeji alimnong'oneza Timazi, kwa kunong'ona kwake kunakosikika barabarani. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama.

"Ndiye mimi," daktari akasema bila kuinua macho. "Ulitaka mrefu?"

"Hapana, daktari. Nilikuwa nashukuru tu."

Daktari alibandika picha kwenye ubao wa taa. Timazi akasogea karibu, mikono nyuma, kama anavyosimama mbele ya jengo la mtu mwingine. Upande wa kushoto kila kitu kilikuwa mahali pake. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa duara safi, kimekaa ndani ya kikombe cha nyonga, na ukingo wa kikombe ulikuwa mweupe kama mstari wa chokaa. Upande wa kulia kikombe kilikuwa hakina kitako. Palikuwa na giza lililochanika, na kile kichwa cha paja kilikuwa kinazama kuelekea tumboni.

"Kimeliwa," Timazi akasema. "Kama boriti iliyoingiliwa na mchwa. Kwa nje rangi ipo, ndani mti haupo."

"Ndivyo hasa," daktari akasema. Akamgeukia mgonjwa mwenyewe. "Mama, sitakudanganya. Saratani hii imeshasambaa na mimi siiondoi. Dawa zitaendelea kuibana kadiri zitakavyoweza. Kazi yangu mimi ni moja tu, usimame kwa miguu yako."

"Nikisimama inanitosha," mke akajibu. "Siku zangu ni za Mungu, sizigombanii. Ila nimechoka kubebwa na mume wangu kama mfuko wa simenti."

"Mfuko wa simenti hauna mdomo," Timazi akasema, na mkewe akacheka mpaka akashika nyonga.

Daktari akachukua mfupa wa plastiki juu ya meza akaeleza. Angekwangua uozo wote mpaka akutane na mfupa mzima. Halafu angepitisha fito za chuma kutoka hapa juu, kwenye ubawa wa nyonga, pale mtu anapofungia mkanda, zivuke lile shimo mpaka kwenye mfupa wa kukalia na ule wa mbele. Shimo na fito angezijaza saruji, juu yake angefunga kikombe kipya, na kichwa cha paja angekiondoa aweke cha chuma.

"Baba, unafanya kazi gani?" akauliza.

"Mwashi."

"Basi kazi hii unaijua. Nondo na zege."

"Naijua kwenye nyumba. Kwenye nyama sijawahi kuiona."

"Saruji yangu si kama yako lakini. Ni unga na kimiminika, haina mchanga wala maji, na inashika upesi. Kesho yake mama anasimama."

Timazi alisikia yote. Hili la mwisho alilisikia pia, akaliweka pembeni, kama anavyoweka pembeni tofali lenye ufa mpaka atakapopata nafasi ya kuligonga.

Siku ya upasuaji mafundi wenzake walikuja kutoa damu wakiwa na nguo zao za kazi, vumbi mpaka kwenye nyusi, na baada ya hapo walikaa kwenye benchi la korido wamejipanga kama tofali. Kazi ilianza asubuhi. Jua lilikuwa limeshavuka upande wa pili wa jengo mlango ulipofunguliwa, na yule mwanamke mfupi akatoka, alama ya barakoa imechorwa shavuni, nguo zimemganda mgongoni kwa jasho.

"Amepoteza damu nyingi, mmefanya vizuri kuja," akasema. "Lakini imeshika. Kila kitu kimekaa nilipotaka."

Shemeji akamkumbatia daktari kabla hajazuiwa. Timazi akauliza kama mkewe anachezesha vidole vya mguu, akaambiwa anachezesha, akakaa chini.

Sasa hapa inabidi ujue jambo moja kuhusu Timazi. Zege lake likishamwagwa halikanyagwi na mtu. Hulifunika kwa magunia yaliyolowa, hulimwagilia asubuhi na jioni, huweka ubao wa kuzuia njia na kuketi karibu. Hakuna anayepita mpaka yeye aseme. Wakati mmoja mwenye nyumba mwenyewe, mtu mzito na gari lake, alitaka kupanda aone nyumba yake, na Timazi akamfukuza kwa mwiko. Yule bwana alikasirika mwezi mzima. Dari lake halina ufa mpaka leo.

Basi asubuhi iliyofuata, mtu wa mazoezi ya viungo kabla hajafika, Timazi aliinama kwenye sikio la mkewe.

"Wamekwambia leo utasimama?"

"Wamesema."

"Usikubali. Hili limemwagwa jana."

"Daktari amesema limeshakauka."

"Kukauka ni kitu kingine, kukomaa ni kitu kingine. Kuna simenti ya kuzibia maji yanayovuja. Unaiweka, inashika hujanawa mikono. Ipe mzigo uone, inameguka kama biskuti. Daktari anajua kupasua, simbishii. Lakini kitu kilichomwagwa kinataka kupumzishwa."

Mkewe alimtazama. "Nisubiri mpaka lini?"

"Mpaka mimi nikwambie."

"Nao niwaambie nini?"

"Waambie kizunguzungu."

Mtu wa mazoezi alikuwa kijana wa miraba minne, sauti nene, na shemeji alishambatiza jina la Kocha. Aliingia anasukuma fremu ya chuma ya kutembelea.

"Mama, leo fainali. Uwanja umejaa."

"Kizunguzungu, mwanangu. Chumba kinazunguka."

Kocha akapima presha, akakuta haina tatizo, akakuna kichwa. Siku iliyofuata kizunguzungu kilikuwepo tena, na iliyofuata vilevile. Kocha alibembeleza, akatania, akanuna. Mama alikuwa amekaza shingo kitandani, macho kwenye dari. Kisha akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo chenye maji maji kwa ndani, na jioni mwili ukapata joto.

Daktari alikuja amekunja uso. Akasikiliza mgongo kwa muda mrefu, akaminya nyama ya mguu chini ya goti, akapitisha ufunguo kwenye unyayo. "Sukuma mkono wangu," akasema. Mama akasukuma kidogo tu, kwa woga, kama mtu anayegusa sufuria ya moto.

"Mapafu yanaanza kujaa kwa sababu anashinda amelala tu kitandani," daktari akasema. "Damu nayo ikilala mguuni inaganda, na ikipanda juu, tumempoteza. Upasuaji huu nimemfanyia ili asimame mapema. Mguu unaonekana mzima lakini haukanyagi, maana yake kuna kitu sikioni. Kesho anarudi kwenye picha. Picha zisiponiambia kitu, nafungua tena nitazame."

 Mke akageuza macho kutoka kwenye dari akamtazama mumewe.

"Dada," shemeji akaanza, "hebu nikuulize. Kizunguzungu gani hiki kinachoingia na Kocha na kutoka na Kocha? Huyu kaka akishafunga mlango unamaliza sahani nzima na kuuliza kama kuna nyingine."

"Msimfungue," Timazi akasema. Sauti ilimtoka nzito. "Mguu ni mzima. Mimi ndiye niliyemkataza."

Daktari akamgeukia. "Umemkataza nini?"

"Kukanyaga."

"Kwa nini?"

"Zege la juzi halikanyagwi." Alisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyoamini, na hakujua namna nyingine ya kulisema. Kocha alibaki mdomo wazi. Shemeji akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Daktari akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Mtu angedhani atafoka. "Na wewe mama ukamsikiliza yeye, mimi ukaniacha."

"Wewe, daktari, nimekujua juzi," mama akasema taratibu. "Huyu nimelala chini ya dari lake tangu nikiwa msichana."

Daktari akatikisa kichwa, akainuka. "Baba, njoo na mimi."

Chumba chake kilikuwa kidogo, mafaili mpaka dirishani. Aliwasha ubao wa taa akabandika picha iliyopigwa mara baada ya upasuaji, akasogea pembeni, akamwacha mwashi na picha.

Timazi aliikaribia mpaka pua ikakaribia kugusa. Fito za chuma zilishuka kutoka kwenye ubawa wa nyonga zimetawanyika kama vidole vya mkono uliofunguka. Nyingine zilielekea nyuma, kwenye mfupa wa kukalia, nyingine mbele. Pale palipokuwa na shimo zilikutana na kuzama kwenye weupe mzito, na ndani ya weupe huo kulikuwa na kikombe, na ndani ya kikombe mpira wa chuma uliokaa katikati kabisa. Akaanza kutafuta kosa, maana macho yake hayakuwa na kazi nyingine yaliyoizoea. Akafuata fito ya kwanza kwa kidole. Imeanzia kwenye mfupa mzima, imevuka shimo, imeishia kwenye mfupa mzima. Akafuata ya pili. Akazifuata zote. Hakuna hata moja iliyoning'inia hewani. Kila moja ilikuwa imelala pale pale ambapo yeye, kama angepewa mzigo wa mwili wa mtu na kuambiwa aupitishe kwenye kona iliyobomoka, angeilaza.

"Ulipimaje?" akauliza.

"Kwa kidole." Daktari aliinua kidole cha shahada, kifupi, kinene. "Fito zinaingizwa kutoka juu. Mimi kidole kiko ndani kwa chini, nasikia ncha inapotokea. Na hapa nyuma unapita mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni, mnene kama kamba. Kidole kilikuwa juu yake. Fito ikija vibaya, inanichoma mimi kwanza."

"Ulikuwa unaona?"

"Muda mwingi, hapana. Damu inajaa, msaidizi anainyonya, inajaa tena."

Timazi akarudisha macho kwenye picha. Yeye alifanya kazi kwenye mwanga wa jua, na kamba, na pima maji, na nafasi ya kurudi nyuma hatua kadhaa akatazama. Akikosea alibomoa, kesho akaanza upya. Mwanamke huyu alikuwa amejenga kona ya nyumba ndani ya mtu aliye hai, ndani ya damu, kwa kupapasa, na hakuna kubomoa. 

Daktari akafungua mtoto wa meza akatoa kitu cheupe, ukubwa wa ndimu, chenye alama za vidole vya glavu. "Hiki kilibaki kwenye bakuli la saruji ya mkeo. Hakikuingia mwilini. Nyingine ikiwa ndani, hii naishika mkononi nijue imefika wapi. Kwanza ni laini kama unga uliokandwa. Halafu inapata moto, moto wa kweli, huwezi kuifumba mkononi. Ikipoa, imemaliza. Haina maji ya kukauka, haingoji kitu. Ilikuwa hivi hivi wakati bado nashona ngozi."

Timazi akakipokea. Kilikuwa chepesi kuliko alivyotarajia, na hilo halikumpendeza. Akakikwaruza kwa kucha, halafu kwa msumari uliokuwa mfukoni mwake. Akakigonga kwenye ukingo wa meza na kutega sikio.

"Ninaweza kukipiga?"

"Kipige unavyotaka. Ila si juu ya meza yangu."

Nyuma ya jengo kulikuwa na karakana ya hospitali, mtu anachomea kitanda kilichovunjika. Timazi akaomba nyundo. Akakiweka kile kitu kwenye ngazi ya mlango, akakipiga kama anavyopima tofali. Kikadunda. Akakirudisha, akainua mkono mpaka juu ya bega, akashusha kwa nguvu za mtu aliyebeba mifuko maisha yake yote. Pakatokea mlio mkali, kikaruka, kikapotelea kwenye majani. Ngazi ilikuwa imemeguka pembe.

Akapiga magoti akapapasa majanini mpaka akakipata. Akakigeuza upande huu na huu. Kilikuwa na alama moja nyeupe, kama mkwaruzo wa chaki. Basi.

Alibaki pale pale magotini. Yule wa karakana alidhani ameumia, akazima mashine. Timazi hakumwona. Alikuwa anafikiria kwamba kitu hiki kilikuwa unga kwenye bakuli, watu wakakiingiza ndani ya mkewe kikiwa laini, kikajaa kila pango lililoachwa na ugonjwa, kikashika zile fito, kikawa mwamba kabla ya mtu kumaliza chai yake. Na kwamba yeye, kwa ujuzi wake wote, alikuwa amebakiza hatua moja tu kumrudisha mkewe chini ya kisu bure. 

Daktari alikuwa amesimama mlangoni, mikono mifukoni. "Unasemaje, fundi?"

"Limekomaa."

"Basi nenda ukamwambie. Mimi haniamini."

Alirudi wodini magoti yana udongo. Mkewe alikuwa ameketi, mto katikati ya mapaja kama alivyoagizwa, Kocha upande mmoja, mdogo wake upande mwingine.

"Kanyaga," Timazi akasema.

"Una hakika?"

"Nimelipiga nyundo."

"Yesu, wapi tena?" shemeji akaruka. "Umempiga dada nyundo?"

"Lile lililobaki. Ngazi imevunjika, lenyewe zima." Akapangusa udongo magotini. "Nilikosea."

"Rudia," mkewe akasema. "Mdogo wangu hakusikia vizuri."

"Nilikosea."

"Tena polepole, shemeji, niweke akiba," shemeji akasema, akaanza kulia huku anacheka.

Kocha akaleta fremu. "Usiiname sana mbele, mama. Miguu usiipishanishe. Mikono hapa, kifua juu, halafu unajisukuma. Mimi nipo."

Wakati wa kung'oa miti inayoshikilia dari jipya la zege, fundi husimama chini yake yeye mwenyewe na kusikiliza. Timazi alichuchumaa kando ya nyonga ya mkewe, sikio limekaribia gauni la hospitali. Alimsikia akivuta pumzi. Alisikia kitanda kikilia uzito ulipokiacha. Akaona unyayo wa kulia, mkavu, wenye kisigino kilichosahau sakafu, ukishuka, ukigusa, vidole vikitanuka, kisha wote ukalala chini na kubeba. Akasubiri. Hakuna kilicholia.

Mkewe naye alikuwa anasubiri. Alikuwa ameuma meno kwa ajili ya maumivu ambayo yangekuja, na uso wake wote ulikuwa umejikunja kuyapokea. Hayakuja. Uso ukafunguka kidogo kidogo.

"Hauumi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeingia chumba chenye mtoto aliyelala. "Unauma kwa juu, pale kwenye mshono. Ndani hauumi."

"Tukae sasa," Kocha akasema. "Kwa leo inatosha."

"Nikae nifanye nini? Nimekaa mpaka nimesahau urefu wangu." Akasukuma fremu, akaleta mguu, akasukuma tena. Mwendo ulikuwa wa kobe, gauni limefunguka mgongoni, na shemeji akawa anamfuata amelishika kwa nyuma kama msimamizi wa bibi harusi. Daktari alikuwa ameegemea mlango, anatazama.

Timazi alijaribu kuinuka akashindwa.  Akashika ukingo wa kitanda, akajivuta, akaketi juu ya shuka lenye joto la mkewe. Na mkewe alikuwa ameshafika dirishani, amesimama peke yake, Kocha ameachia mkono, anatazama barabara iliyokuwa hapo nje siku zote na ambayo kutoka kitandani haikuonekana.

"Kumbe kuna watu wengi hivi," akasema.

 Mwashi alikuwa ameinua shingo anamtazama, kutoka kisigino mpaka nyonga, kutoka nyonga mpaka utosini, na macho yake hayakupata pa kusahihisha.